Bahasha ya Ishirini na Tatu

Sheikha Zahor alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na tisa katika hiyo ilikwisha ndani ya wodi ya wanaume waliovunjika mifupa. Wagonjwa walisema hapana mkono mwepesi kama wake. Akikufunga bandeji hujui ameanza lini na amemaliza lini. Nyumbani kwao Sokomuhogo, mjini Unguja, orofa ya pili, aliishi na mama yake, Bi Ruqaya, wawili tu. Baba yake, Mzee Zahor, alifariki mwaka 1965, miezi mitatu baada ya shamba lake la mikarafuu la Kidichi kukatwa eka tatu tatu na kugawiwa watu. Kaka yake mmoja, Saud, aliondoka zile siku za Januari 1964, na barua zake, zikija, zilikuja zimeshafunguliwa. Basi Sheikha alijizoesha kufanya kazi bila ya kuonekana: aingie mapema, atoke kwa wakati, aseme kidogo.

Ndiyo maana moyo ulimpiga pa, siku ile katikati ya mwaka 1967, Daktari Renata alipomwita kwa jina lake mbele ya wodi nzima.

Daktari Renata alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, aliyetoka Ujerumani ya Mashariki. Kiswahili alijifunzia chuoni kwao, akakisema kama kilivyoandikwa kitabuni, hakati neno. Kazi yake haikuwa kupasua watu wala kuwachoma sindano. Yeye alikuwa daktari wa kuwarudishia watu viungo vyao: aliyepooza amfundishe kushika kijiko, aliyekatwa mguu amfundishe kwenda kwa magongo, aliyevunjika amfundishe upya kukunja na kukunjua. Walimpa chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Akatandika mikeka, akatia vyuma viwili vya kushikia na kioo kirefu ukutani, na watu wakakiita chumba cha mazoezi.

"Wewe unaandika vizuri," alimwambia Sheikha, walipokuwa peke yao chumbani humo. "Nataka mtu wa kupima na kuandika kwa miaka miwili. Nikuulize. Mtu akianguka kutoka kwenye mkarafuu na paja likavunjika, tunafanya nini?"

"Tunamlaza wiki kumi. Mguu umenyooshwa, unavutwa kwa kamba na mawe."

"Na mfupa?"

"Unaunga."

"Na goti?"

"Goti linakufa," alisema Sheikha.

Ilikuwa hivyo hasa. Goti lililokaa wiki kumi bila ya kukunjwa liligeuka bawaba iliyoshika kutu. Mchumaji aliyerudi shamba na goti la namna hiyo hakupanda mti tena, na chooni alihitaji kushikwa mkono kama mzee. Kila mwaka mavuno yakianza walikuwa wakiletwa, na kila mwaka walirudishwa makwao wakiburura mguu, wakishukuru kuwa hawakufa.

"Mimi ninaamini kwamba goti likianza kukunjwa wiki ya pili, mtu akiwa bado kitandani, halitakufa," Daktari Renata alisema. "Lakini kuamini si kujua. Madaktari wengine wanaamini kwamba mfupa utahama, na wao pia wamesoma. Kwa hiyo tutachukua watu sitini. Thelathini tutawakunja magoti mapema. Thelathini tutawalaza kama ilivyo desturi. Halafu tutapima."

"Nani atachagua huyu akunjwe na huyu alazwe?"

Daktari alifungua kabati. Ndani mlikuwa na bahasha sitini za kaki, zimegundishwa, kila moja ina nambari. Katika kila bahasha mlikuwa na kadi. Ya kijani ni mazoezi, nyeupe ni kulala. Hata yeye mwenyewe, alisema, hakujua ipi iko wapi, maana zilichanganywa na mtu mwengine kwao Ujerumani. Mgonjwa akija, ifunguliwe inayofuata, na itakachosema ndicho.

"Na tukishajua?"

"Wizara imeahidi. Mazoezi yakionekana yanafaa, watafunzwa watu wanane, wanne Unguja na wanne Pemba, wakae vituo vya mashamba wafanye kazi hii tu."

Sheikha alizitazama bahasha. "Na hao watakaotokewa na kadi nyeupe?"

"Watapata kile ambacho wangekipata bila ya mimi kuja. Si chini ya hapo." Daktari akafunga kabati. "Lakini usiwachanganye, Sheikha. Ukiwachanganya, watu sitini watakuwa wameumia bure."

Sheikha aliafiki, na aliafiki kwa moyo. Akafundishwa kutumia chuma cha mikono miwili, mfano wa bikari ya wanafunzi, kinachowekwa ubavuni mwa goti kuonesha limekunjika kwa kiasi gani. Goti zima hukunjika digrii mia na thelathini na zaidi. Akaliandaa daftari, akalichora mistari, na wagonjwa wakaanza kuja.

Miezi minane ya kwanza ilimwonesha kila kitu. Wa kadi za kijani walilalama, walitokwa na jasho, mmoja alimtukana mama wa Daktari kwa Kitumbatu; lakini wiki ya kumi walikunja digrii tisini, mia, mia na kumi. Wa kadi nyeupe walilala kwa raha, na wiki ya kumi walikunja thelathini. Mifupa ya wote iliunga sawasawa. Kwa macho ya Sheikha kazi ilikuwa imekwisha. Alimwambia Daktari, na Daktari akatikisa kichwa: watu ishirini na wawili ni wachache, huenda ni bahati tu, tungoje.

Mzee Jaku, wa kadi nyeupe, alirudi kupimwa miezi sita baada ya kuvunjika. Digrii thelathini na nane.

"Msikitini siku hizi nakaa safu ya nyuma, pembeni kabisa," alimwambia Sheikha, akiutazama mguu wake kama mali ya mtu mwengine. "Mguu nimeunyoosha mbele, watu wanauruka. Nilikuwa naadhini, mwanangu. Sasa naona haya hata kuingia." Kisha akauliza, bila ya ubaya wowote, "Hivi mwenzangu tuliyelala jirani, yule wa Mangapwani, lake linakunjika?"

Lilikuwa likikunjika. Sheikha alisema hajui.

Mchumaji mmoja, jina lake Nahodha Silima, aliletwa siku ya Jumatano, mwanzo wa Februari 1968, amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, nyuma ya lori la kokoto. Tawi lilimvunjikia akichuma karafuu za mwisho za vuli, paja la kulia likakatika. Cheti kilisema Kidichi, na Sheikha alipoisoma hiyo Kidichi na kulitazama lile jina hakuhitaji kuuliza. Baba yake Nahodha alikuwa msimamizi wa wachumaji wa Mzee Zahor. Utotoni, mavuno yakifika, Sheikha alikuwa akipelekwa shamba, na Nahodha ndiye aliyemfundisha kupanda mti. Eka tatu alizopewa Nahodha zilikuwa upande wa kisimani, na mkarafuu uliomwangusha ulipandwa na babu yake Sheikha.

"Bi Sheikha," alisema Nahodha, midomo imemkauka. "Nnakujua."

"Na mie nakujua. Usiseme sana."

Asubuhi ya pili yake, mbele ya Daktari, Sheikha alichukua bahasha ya ishirini na tatu, akaichana. Kadi ilikuwa nyeupe.

Wiki mbili zilipita. Kitanda cha kushoto kwa Nahodha alilazwa dereva mmoja mwenye kadi ya kijani, na kila asubuhi Sheikha alikwenda akamkunja goti, akamkunjua, akimhesabia. Nahodha alitazama siku ya kwanza, akatazama ya pili. Siku ya tano akasema:

"Huyu kaja nyuma yangu. Mbona yeye anakunjwa, mie nalala kama gogo?"

"Kadi yake nyengine."

"Kadi imetoka wapi?"

"Ndani ya bahasha."

"Na bahasha kaifungua nani?"

Sheikha aliendelea kukunja shuka.

"Mie si mtoto, Bi Sheikha. Zile eka sikuzinyang'anya. Niliitwa, nikapewa karatasi, nikaambiwa nenda. Ungekuwa wewe ungeikataa?"

"Sikukuuliza habari ya eka."

"Hukuniuliza kwa mdomo," alisema Nahodha, akageuza uso upande wa ukuta.

Wodini alikuwapo mtumishi mmoja, jina lake Shaame, mjumbe wa tawi la chama mtaani kwake. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakuna aliyependa kuona anamsogelea. Siku mbili baada ya maneno hayo alimfuata Sheikha mezani, akawa anapangusa meza iliyokuwa safi.

"Ndugu Sheikha. Huyu wa Kidichi, watu wanasema humtendi kama wenzake."

"Watu gani?"

"Watu," alisema Shaame, akachukua kitambaa chake akaenda zake.

Sheikha alimweleza mama yake. Bi Ruqaya alikuwa akichambua mchele wa mgao, punje moja moja, maana mawe yalikuwa mengi kuliko mchele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako yule mtoto alikuwa akimnunulia kanzu ya Idi," alisema. "Mtendee kama unavyowatendea wenzake. Usimzidishie, usimpunguzie."

Sheikha akaanza kuchambua naye. Wenzake ni wepi? Wenzake wa kadi nyeupe walikuwa wamelala, na wa kadi ya kijani walikuwa wanakunjwa. Kumtendea kama wenzake ni kumwacha goti lake life, na likifa, Kidichi nzima itasema binti Zahor kalipa kisasi. Na kumkunja ni kuivunja ahadi aliyoitoa kwa hiari yake.

Jumamosi ile Daktari Renata alikwenda Pemba kwa siku nne kutazama vituo. Adhuhuri, saa ya kutazama wagonjwa, mke wa Nahodha alikuja na bakuli la muhogo. Jina lake Tabia, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi. Sheikha akavuta pazia likazunguka kitanda.

"Bi Tabia, weka bakuli chini. Shika paja hapa, kwa mikono miwili, usiliwachie hata likikutisha."

Tabia alishika. Sheikha akautoa mguu kwenye kibao ulichoegemezwa, kamba akaiacha ivute, akaliteremsha goti taratibu, upana wa vidole viwili, vitatu. Nahodha aliuma ncha ya shuka. Lile goti lilikuwa halijawa gumu bado. Sheikha alilihisi likikubali mkononi mwake, kama kufuli ambalo ufunguo wake umepatikana.

"Mara kumi tu. Kesho kumi tena."

"Kadi imebadilika?" Nahodha aliuliza, jasho likimtiririka.

"Nyamaza."

Alipofungua pazia, Kurwa, mchumaji wa kitanda cha mkabala, alikuwa amejiinua kwa kiwiko anamtazama. Kadi yake Kurwa nayo ilikuwa nyeupe. Hakusema kitu siku ile. Siku ya pili alisema, "Na mie je?"

Maneno hayo matatu Sheikha alirudi nayo nyumbani. Alitaka kuamini kuwa alimkunja Nahodha kwa huruma, kwa sababu ya Mzee Jaku na safu yake ya nyuma. Lakini kama ni huruma, Kurwa ana kosa gani? Akimkatalia Kurwa, basi alichomfanyia Nahodha kilikuwa hofu tu, hofu ya Shaame na midomo ya watu. Hakutaka kuwa mtu wa namna hiyo. Siku ya tatu alimkunja Kurwa goti, na tangu hapo hapakuwa na mahali pa kusimama.

Akaja mwengine, na mwengine. Wa kadi nyeupe walifundishana wenyewe. Wake zao walileta kanga kuukuu, wakazichana, wakazisokota kamba za kuvutia mguu, na Daktari akiingia kamba zilikwenda chini ya mito. Kila mgonjwa mpya alielezwa na wenzake kabla Sheikha hajamfikia. Naye kwenye kupima hakudanganya hata tarakimu moja. Alichokiona kwenye chuma ndicho alichokiandika: mia na tano, tisini na nane, mia na kumi na mbili. Uwongo ulikuwa mwanzo wa mstari tu, pale palipoandikwa: kadi nyeupe, amelazwa.

Daktari Renata alianza kukunja uso mbele ya lile daftari. "Ni ajabu," alisema siku moja mwaka 1969. "Mwaka wa kwanza waliolazwa waliharibika wote. Sasa hawaharibiki. Kuna kitu kimebadilika wodini? Chakula? Mpangilio wa kamba?"

Sheikha alifungua mdomo. Mlangoni alisimama Shaame na ndoo ya maji, anangoja kupita.

"Sijui, Daktari," alisema.

Wakati huo ndio uliokuwa wa kusema, na yeye aliujua ulipokuwa unapita. Baadaye kila mwezi uliongeza uzito, mpaka ikawa hawezi kulinyanyua lile neno tena.

Bahasha ya sitini ilifunguliwa Agosti, na mgonjwa wa mwisho alipimwa mwishoni mwa mwaka. Daktari alikaa na hesabu zake siku kumi. Alipotoka alikuwa mtu aliyekonda uso. Tofauti kubwa ya mwanzo ilikuwa imeyeyuka. Katika thelathini na wanane wa mwisho waliokunjwa hawakuwazidi waliolazwa, na tofauti ya wale wa mwanzo peke yao mtu mkweli hawezi kuiapia. Na Daktari Renata alikuwa mtu mkweli. Aliandika hivyo hivyo akapeleka wizarani. Jawabu lilirudi haraka kuliko barua yoyote ya kuomba kitu. Kama kulaza kunatosha, wale watu wanane wa nini? Nchi ina kazi nyingi. Mafunzo yakafutwa, na chumba cha mazoezi kikatakiwa kwa ajili ya kuwekea mashuka.

Sheikha alimkuta Daktari akishusha kile kioo ukutani. Alimsaidia kukilaza, kisha akasema. Alisema yote, tangu Jumamosi ya kwanza, akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi.

Daktari hakupandisha sauti. "Wangapi?"

"Wote wa kadi nyeupe, tangu ishirini na tatu."

"Kumi na tisa," alisema Daktari, aliyezijua bahasha zake kwa moyo. Akakaa juu ya mkeka na viatu vyake. "Kama ungeniambia mwezi wa kwanza, ningeandika kwamba wagonjwa wenyewe walikataa kulala. Hilo pia ni jawabu. Sasa sina jawabu. Hata kosa lililomo si langu."

"Waandikie uwaeleze."

"Wataniuliza ni nani." Alimtazama. "Mimi ninasafiri Ijumaa ya wiki ijayo. Unajua hapa wataliitaje jambo hili, likifanywa na mtu wa jina lako?"

Sheikha alijua. Lilikuwa neno moja, hujuma, na watu walikuwa wakipotea kwa madogo kuliko hilo.

"Sitaandika jina lako bila ya ruhusa yako," Daktari alisema. "Bila ya jina, hawatanisikiliza, watasema mgeni anaona haya kwa kushindwa kwake. Andika wewe, nami nitaambatisha barua yangu. Au usiandike. Sitakulaumu." Akafikiri kidogo, akajirekebisha kwa ule ukweli wake mgumu. "Nitakulaumu. Lakini sitakwambia."

Siku tatu Bi Ruqaya alilia ndani ya nyumba. Hakulia kwa sauti. Alipika, alisali, machozi yakimshuka. "Nimemzika mume, mwanangu mmoja sijui yuko wapi," alisema. "Na wewe unataka kujipeleka kwa miguu yako?"

"Mama, watu wanaanguka kila mwaka. Mavuno yajayo wataletwa wengine na watalazwa, na itasemwa imepimwa ikaonekana ni sawa. Nimesaidia kumi na tisa, nimewafungia mlango wote watakaokuja."

"Wewe ndiye uliyepanda nao miti?"

Usiku Sheikha hakulala, na asubuhi aliandika kurasa mbili, akatia saini.

Wa ofisi ya usalama waliomwita hawakumpiga. Siku tatu mfululizo, kuanzia saa mbili mpaka adhuhuri, alikalishwa kwenye kiti mbele ya bwana mmoja mpole, kijana, aliyekuwa akichonga penseli. Nani alikutuma? Kaka yako amekuandikia nini? Kwa nini ulitaka kazi ya serikali iharibike? Sheikha alijibu lile lile kila siku, mpaka yeye mwenyewe akaanza kulisikia kama maneno ya uwongo.

Siku ya tatu akaja Nahodha Silima. Hakuitwa na mtu. Alisikia habari sokoni akapanda gari la Kidichi. Aliingia ofisini bila ya gongo, akampa yule bwana salamu, na kabla hajakaribishwa akachutama chini palepale, magoti yote mawili yamekunjika, visigino sakafuni, kisha akasimama.

"Huyu ndiye aliyenipa hili," alisema. "Bibi yule wa Kizungu alisema nilazwe. Huyu akanikunja kila siku, yeye na mke wangu. Mie na Kurwa na wenzetu. Ikiwa mnataka mashahidi, ntakuleteeni kumi na wanane."

Yule bwana aliandika maneno yote. Akamtaka Nahodha atie dole gumba. Nahodha alitia kwa furaha, akamgeukia Sheikha akitabasamu, akiamini amemwokoa. Naye Sheikha aliisoma ile karatasi juu chini, kutoka upande wake wa meza, akaona kuwa shitaka sasa lina shahidi.

Walipotoka nje Nahodha alisema, "Nilikudhania ubaya, Bi Sheikha. Nisamehe."

"Mie sijui nilikufanyia kwa wema, Nahodha. Huenda nilikuogopa."

Nahodha alifikiri. "Goti halijui," alisema. Alikuwa anamaanisha kumliwaza.

Sheikha hakufungwa. Barua ilisema amehamishwa Makunduchi, kwenye kituo kidogo cha dawa, cheo kimeshushwa, na haruhusiwi kurudi wodi ya mjini. Ripoti ya Daktari Renata haikutangazwa kuwa ni kosa wala haikutangazwa kuwa ni kweli. Ilitiwa kabatini, na wagonjwa wakaendelea kulazwa wiki kumi. Daktari aliondoka. Aliandika mara moja, mwaka 1971, barua ikaja imefunguliwa: nchi nyengine wamepima jambo lile lile na wamelipata jawabu walilolitafuta yeye na Sheikha, aliandika, na ameupeleka waraka wao wizarani. Hapana aliyemjibu.

Makunduchi Sheikha alifunga vidonda, akagawa vidonge vya homa, akazalisha. Mama yake alikuja kukaa naye, akalalamikia upepo. Mwaka 1972, baada ya mavuno, akaja mwanamke mmoja, Bi Wanu, na mwanawe wa kiume, jina lake Mwalim, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili aliyeoa mwaka ule ule. Alikuwa amekwenda kuchuma karafuu kaskazini akaanguka. Paja limeunga, alisema mama yake, hospitali wamemruhusu, ila mguu haukunji.

Sheikha alimlaza kwenye benchi. Hakuwa na kile chuma cha kupimia, lakini mkono wake uliona: thelathini, si zaidi. Alijaribu kulisukuma taratibu, na goti likamjibu kwa ule ugumu wa mfupa na mfupa. Alimwambia aje kila siku. Pengine watapata digrii kumi, kumi na tano. Tisini, hapana.

Mwalim alitazama dari. Mama yake akauliza, "Na lau angeanzwa mapema, alipokuwa bado kalala?"

"Lingekunjika."

"Kwa nini basi hawakumwanza?"

Sheikha angeweza kusema ni kazi ya Mungu, na yule mama angeitikia. Badala yake alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akamweleza: bahasha, kadi nyeupe, Mzee Jaku, Nahodha, kamba za kanga, hesabu zilizoharibika. Alieleza polepole ili aeleweke. Bi Wanu alisikiliza akimtazama machoni, na hakumkatiza hata mara moja.

Aliponyamaza, Bi Wanu alimshika mwanawe kwapani, akamnyanyua, akampa gongo lake. Walitoka bila ya kuaga, wakaenda chini ya jua kwa mwendo wa yule mgonjwa, mpaka wakapotea nyuma ya ukuta wa mawe.

Siku mbili hawakuonekana. Siku ya tatu asubuhi walikuwa wamekaa barazani kabla kituo hakijafunguliwa, mama amekaa mbali kidogo na mlango; wamerudi maana karibu na hapo hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Sheikha alitoa salamu. Bi Wanu hakuitikia. Mwalim akajilaza mwenyewe juu ya benchi, akafumba macho, na Sheikha akaanza.